Upindo Unaokula Kitambaa

Chukua mraba wa kitambaa wenye sentimita 10 kila upande. Ukunje kona kwa kona upate pembetatu, kisha uikunje pembetatu hiyo mara ya pili. Mkononi utabaki na kipembe cha tabaka nne, kitako chake sentimita 10 na kimo chake sentimita 5. Kipige pasi, halafu tengeneza vingine kama hicho uvipange kwenye ukingo wa mfarishi wa mita 2 kwa mita moja na nusu, kila kimoja kikiingia nusu yake ndani ya mwenzake. Kuzunguka pande zote nne utahitaji vipembe 140. Ukivikunjua vyote na kuvitandaza chini ni mita mraba 1.4, yaani kama mita moja na robo ya kitenge cha upana wa kawaida. Hicho ni kitambaa cha kumshonea mtoto blauzi na kikabaki. Na mlalaji hapati joto lolote kutokana nacho, maana chote kinaning'inia nje ya godoro.

Marinda nayo yana ulafi wake. Ukingo wa mita 7 unataka ukanda wa mita 14 ili mikunjo isimame vizuri, na anayependa marinda manene atafika mita 20. Tofauti ni kwamba marinda hudai kitambaa cha rangi moja, kirefu, kilichokatwa kwenye jora dukani. Vipembe havina makuu: hukubali kipande cha shati, cha shuka lililochanika katikati, cha kitenge kilichobaki chini ya meza ya fundi. Tofauti hiyo ndogo imeacha alama kubwa katika matandiko ya Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya.

Kabla ya reli, katika nchi iliyo kati ya Mlima Elgon na Mto Nzoia, nguo ilikuwa pesa. Misafara kutoka pwani ilipita kwa mtawala Mumia, mahali panapoitwa Mumias leo, ikielekea Uganda au ikitafuta pembe za ndovu kuzunguka Elgon. Msafiri Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883, na Askofu Hannington miaka miwili baadaye, akiwa njiani kwenda kuuawa Busoga. Wapagazi walibeba shanga, nyaya, na zaidi ya yote majora ya amerikani, ile pamba nyeupe isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem tangu miaka ya 1830. Nguo ilipimwa kwa mikono, kwa shuka na kwa doti, ikanunua chakula, ikalipa hongo ya njia. Wabukusu, wenyeji wa nchi hiyo, ndani ya maboma yao walilalia ngozi za ng'ombe. Aliyepata shuka moja ya amerikani aliivaa mpaka ikawa nyuzi. Nani angeikunja pesa mara nne akaishonea ukingoni mwa kitanda?

Hali haikubadilika mara moja baada ya Waingereza kuivunja ngome ya Wabukusu ya Chetambe mwaka 1895. Kodi ya nyumba ilikuja kwanza, nguo zikafuata polepole. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na mwaka uliofuata Wamarekani watatu wa madhehebu ya Marafiki, ambao wengi huwaita Wakweka, walichagua Kaimosi kuwa makao yao: Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson. Misheni yao iliitwa ya ufundi, na ilimaanisha hivyo. Walitaka mbao, matofali, mashamba, na watu wenye kazi mikononi. Kutoka Kaimosi walienea Vihiga, ambako Emory na Deborah Rees walishughulika na kutafsiri Biblia kwa Kiragoli, na baadaye kaskazini hadi Lugulu, katika Bungoma ya leo. Lugulu ndiko Wabukusu wengi walikokutana kwa mara ya kwanza na darasa, zahanati, na sindano.

Hapa pana jambo linalonifurahisha. Wakweka wa zamani walikuwa watu wa kukataa urembo. Kwa zaidi ya karne moja na nusu waliambiana wavae rangi ya kijivu au kahawia, bila lesi, bila vifungo vya kujionyesha, bila marinda. Lakini wanawake wao hao hao, Pennsylvania na New Jersey katika miaka ya 1840, walikuwa mafundi hodari wa mifarishi. Walikata vipande vidogo vidogo, wakaandika majina ya jamaa na marafiki kwa wino katikati ya kila kipande, wakaviunganisha kwa mishono midogo inayohitaji macho makali kuiona. Kilichokatazwa mwilini kilipata njia kitandani. Kufikia 1902, Wakweka wa majimbo ya kati ya Marekani, waliotoa wengi wa wamisionari wa Kaimosi, walikuwa wameshaiacha ile sare ya kijivu, wakiimba nyimbo kanisani na kuhubiri kama Wamethodisti. Hata hivyo heshima ya kitu kisafi, kilichonyooka, kisicho na mbwembwe, ilibaki ndani yao.

Basi mshono uliofundishwa wasichana wa misheni ulikuwa wa adabu. Ulianza na upindo wa kawaida: kunja mara moja, kunja mara ya pili, shona. Kukafuata kutia kiraka kisichoonekana, kisha kushona gauni la msichana wa bweni, kisha foronya. Shule ya bweni ya wasichana ya Kaimosi, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920, ilikusudiwa kutoa wake wa walimu na wahubiri, na mke wa mwalimu alitambulikana kwa mambo mawili: nyumba yenye pembe nne, na kitanda chenye shuka lililotandikwa. Wengine katika kijiji walikuja kutazama. Binti aliyejifunza kupinda shuka Kaimosi au Lugulu aliolewa Kimilili au Sirisia akiwa na ujuzi ambao mama mkwe hakuwa nao, jambo ambalo, tuseme ukweli, si kila mama mkwe alilipokea kwa furaha.

Upande wa Kitale mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengi wao askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliopewa mashamba kwa mpango wa mwaka 1919. Reli mpya kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924, ikaendelea kupitia Turbo, Webuye na Bungoma kuelekea mpaka wa Uganda. Tawi lake lilifika Kitale mwaka 1926. Mwaka huohuo Kanali Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake binafsi huko, ya wadudu, ndege na vitabu, ambayo aliirithisha nchi na ikafunguliwa upya mjini mwaka 1974. Ningetamani mkusanyaji mmoja wa enzi ile angependa matandiko kama Stoneham alivyopenda wadudu. Vitu vya kitandani havidumu: hutumika, hufuliwa, huchakaa, na mwisho wake ni kitambaa cha kupanguza meza. Ndiyo maana historia yake inabidi kuokotwa kwenye reli, kwenye maduka na kwenye bei ya pamba.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai huko si wa mchezo, na nyumba za walowezi zilikuwa na blanketi za sufu, mifarishi iliyojazwa manyoya ya bata, na vitanda vilivyovalishwa marinda mpaka sakafuni ili masanduku yaliyosukumwa chini yasionekane. Wanawake wa walowezi walikuwa na chama chao, East Africa Women's League, kilichoanzishwa mwaka 1917, na kudarizi ilikuwa mojawapo ya kazi zao za mikono. Aliyetandika vitanda hivyo, akafua marinda hayo na kuyapiga pasi ya makaa, alikuwa mtumishi: mara nyingi kijana wa Kibukusu, wakati mwingine yaya. Yeye ndiye aliyejua kwa vidole vyake kwamba marinda ni adhabu kupiga pasi. Yeye ndiye pia aliyejua namna yalivyoshonwa, kwa kuwa aliyaona kwa ndani.

Baina ya misheni na shamba la mlowezi palikuwa na duka la Mhindi. Kila stesheni ya reli ilizaa mtaa wa maduka ya mabati, na mbele ya duka la nguo, kwenye baraza, alikaa fundi na cherehani yake ya miguu, mara nyingi Singer. Kwa muda mrefu fundi huyo alikuwa mwanamume. Mwanamke alishona kwa mkono nyumbani, mwanamume akashona kwa mashine barazani, na kila mmoja alikuwa na upindo wake. Cherehani ndiyo iliyoshusha gharama ya marinda. Unapiga mishono mirefu, mistari miwili sambamba, unaacha nyuzi za chini zikining'inia, kisha unazivuta taratibu na kitambaa kinajikusanya chenyewe. Kazi ya siku nzima kwa mkono ikawa ya saa moja. Kilichobaki kuwa ghali ni kitambaa.

Kutoka Uganda likaja vazi lililozidi kuwafundisha mafundi wa mpakani namna ya kukunja. Gomesi, au busuti, vazi ambalo jina lake linatokana na fundi Mgoa aliyelishonea wasichana wa shule ya Gayaza mwanzoni mwa karne ya 20, lina mabega yaliyochongoka na mikunjo ya kiunoni isiyosamehe uzembe. Wanawake wa Busia na Bungoma walilipenda wakalifanya lao, hasa la harusi na sherehe. Fundi wa Bungoma anayejua kusimamisha bega la gomesi hashindwi na kipembe cha mfarishi. Kanuni ni ileile: kata sawasawa, piga pasi kabla ya kushona, usivute.

Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia nguo ziliadimika, na marinda yalikuwa mambo ya kwanza kusahaulika. Yalirudi na klabu. Mwaka 1952, wakati serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa chini ya mbawa za idara ya maendeleo ya jamii. Klabu zake zilienea vijijini na kufundisha usafi, malezi, upishi, kufuma na kushona. Jeshi la Wokovu nalo lilikuwa na mikutano yake ya wanawake, na Wakweka vivyo hivyo. Wanahistoria wamezicheka klabu hizi, na wana sababu: zilimfundisha mwanamke kupamba kiti wakati shamba lilikuwa linachukuliwa, na uongozi wa juu wa Maendeleo ya Wanawake ulikuwa wa Wazungu hadi mwishoni mwa muongo huo, Phoebe Asiyo alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza. Lakini mimi siwezi kuishia kwenye kicheko hicho. Klabu ilikuwa mahali ambapo mwanamke aliketi mchana kutwa na wenzake bila kuulizwa maji yako wapi. Kilichofumwa pale kilikuwa chake, na ukingoni mwake aliweza kuamua mwenyewe, kwa maana mwalimu wa klabu alifundisha umbo la kitambaa, si idadi ya maua.

Hapo ndipo vilipozaliwa vile vitambaa ambavyo kila aliyelelewa Magharibi ya Kenya anavijua. Kitambaa cha kochi, cha meza, cha redio, na baadaye cha televisheni. Cheupe, kilichodariziwa maua ya waridi au tausi, kimefumwa ukingo wa kroshia au kimetiwa marinda membamba. Baada ya uhuru vilipata nyumba za kupamba. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa, na Wabukusu wengi walipanda kwenda Tongaren, Ndalu, Kiminini na Saboti. Familia iliyopata ekari zake na kuuza mahindi ilijenga, na iliyojenga ilihitaji sebule. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza mwaka 1974 na kampuni ya sukari ya Nzoia iliundwa mwaka 1975. Mshahara wa kiwanda na hela ya miwa vilikwenda kwenye karo kwanza, kisha mabati, kisha viti. Mwenye viti hakuviacha uchi.

Kalenda ya ushonaji huu ilifuata sherehe. Wabukusu hutahiri Agosti ya miaka shufwa, na boma lenye mtahiriwa hupokea wageni ambao huwezi kuwapokea kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya mwaka jana. Mwezi mmoja kabla, sindano zilikuwa na kazi. Desemba pia, kwa ajili ya Krismasi na watoto wanaorudi kutoka Nairobi. Mifarishi yenyewe, ile ya vipande yenye bitana na pamba katikati, ilikuwa michache. Watu walinunua blanketi. Marinda yaliyostahili kuzunguka mfarishi yalizunguka shuka la kitanda na foronya.

Kilichobadilisha mizani ni mtumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko lilifunguliwa, na marobota ya nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani yakaingia kwa wingi. Viwanda vya nguo vya hapa, Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret, vilianguka katika miaka iliyofuata, ingawa Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kufufuliwa. Tumeuhesabu msiba huo mara nyingi: kazi zilizopotea, wakulima wa pamba walioacha pamba. Kwa mwanamke mwenye sindano, hata hivyo, lilitokea jambo ambalo babu yake wa zama za amerikani asingeliamini. Kwa mara ya kwanza kitambaa kizuri cha pamba kilikuwa rahisi kuliko muda wa kukikata. Shuka la mtumba lililotoboka katikati lina mita mbili nzima pembeni. Shati lisilouzika lina mgongo wote mzima. Juu yake likaja wimbi la vitenge, na kila fundi wa gauni la kitenge, Kitale kwa Bungoma, anaachwa na vipande vyenye rangi kali ambavyo ni vidogo kwa nguo na vikubwa kwa kutupwa.

Marinda hayawezi kula vipande hivyo. Vipembe vinaweza. Ndio wakati, kwa kadiri ninavyoona, upindo wa vipembe ulipopata nafasi katika mfarishi unaoshonwa kwa mkono katika miji hii, pamoja na mfarishi wenyewe wa viraka. Mitindo ilitoka kila mahali: kwa wageni wa makanisa, kwa vikundi vya wanawake, baadaye kwenye simu. Nairobi, Amani ya Juu, kikundi kilichoanza mwaka 1996 na wanawake wakimbizi, kilionyesha kwamba mfarishi wa vitambaa vya Kiafrika unaweza kuuzwa kwa heshima. Wala njia hii ya kupata vipembe kutoka kwenye mabaki si ya kwetu peke yetu. Marekani, vipembe hivi vilienea sana kwenye mifarishi ya miaka ya 1920 na 1930, muongo wa pili ukiwa wa mdororo mkubwa wa uchumi, wakati wanawake wa mashambani walikuwa wakishona nguo za watoto kwa magunia ya unga yaliyochapwa maua. Umaskini wa pesa, wingi wa vipande: hali hiyo hiyo, upindo huo huo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi kwa damu uko ng'ambo ya bahari. Huko Karnataka, India, katika vijiji vya msituni karibu na Haliyal na Yellapur, wanaishi Wasidi, watu ambao mababu zao walichukuliwa kutoka Afrika Mashariki, wengi kupitia Goa ya Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka vya nguo kuukuu, iitwayo kawandi. Huanza kwenye kona na ukingo, huzunguka kwa mishono ya bandi kuelekea ndani hadi kukutana katikati, kinyume cha fundi anayeacha ukingo uwe wa mwisho. Na kwenye kila kona huweka kitambaa kilichokunjwa kuwa pembetatu, wakati mwingine tabaka juu ya tabaka, wanachokiita phula, yaani ua. Henry Drewal, mtafiti wa sanaa za Kiafrika aliyekaa nao, ameeleza kwamba mfarishi usio na phula huonekana kwao kuwa haujavikwa. Sidai kwamba mkunjo huo ulivuka bahari kutoka kwetu. India ina ufundi wake wa viraka, mkubwa na wa kale. Linalonigusa ni kwamba watu walionyang'anywa kila kitu waliona kona nne za mfarishi wa matambara ni mahali pa kuweka kitambaa kisicho na kazi.

Turudi Kitale, kwenye meza ya fundi. Vipembe 140 vinahitaji mikunjo 280, na kila mkunjo unahitaji pasi. Hiyo ni alasiri nzima, na makaa au umeme juu yake. Kazi hiyo haina bei yake peke yake. Huingizwa kwenye bei ya mfarishi mzima, kwa hiyo mteja anayetaka kupunguziwa huambiwa kwanza aache vipembe. Kuna njia ya katikati, na ni ya watu wanaojua chumba cha kupanga kilivyo. Kitanda kimesukumwa ukutani, kichwa chake kiko ukutani pia. Pande zinazoonekana ni mbili tu, urefu mmoja wa mita 2 na miguuni mita moja na nusu. Ukingo wa mita tatu na nusu unataka vipembe 70. Pande za ukutani hupindwa kawaida, kunja mara moja, kunja mara ya pili, shona.